Tambarare Nyeupe ya Baba Mdogo

Kimandolu, Arusha
12 Februari 1995

Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo. Bwana Yesu asifiwe. Sisi huku hatujambo, hofu ni kwenu huko Songea. Dada Aika na watoto wake hawajambo? Mwambie kitenge alichomtumia mama kimefika, na mama anakivaa mpaka shambani, hataki kusikia la mtu.

Mama yuko Nkoaranga na kahawa zake. Sasa wanakuja wanunuzi binafsi na mizani yao mpaka mlangoni, kila mmoja anamwita mama mkwe. Macho yanamsumbua kidogo ila hakubali. Tabea wangu ameanza mafundisho ya kipaimara na mwezi wa kumi na mbili ndiyo siku yenyewe. Ujue kabisa kwamba utakuja, na kwamba utasimama usimulie safari yako ya Ziwa Natron, kama ulivyosimulia kwenye kipaimara changu. Bila hiyo sherehe itakuwa wali na soda tu.

Sasa hasa kilichonifanya nishike kalamu. Tangu shirika letu lilipotupunguza kazini nimekuwa naendesha teksi ya mtu, hilo unalijua. Basi nimepata kazi! Kuna mama mmoja wa Kibosho, Mama Pudensiana, zamani alikuwa na duka la vipuri, siku hizi amenunua Landrova mbili mnadani na anapeleka watalii. Aliposikia mimi ni mtoto wa Abdiel wa Idara ya Maji, Abdiel wa Natron, alisema, "Huyu damu yake inajua njia." Nikaajiriwa palepale.

Mwezi wa saba nina wageni wanne, Waholanzi watu wazima. Wamechoka kuona simba, wanataka jangwa. Tutalala Ngare Sero usiku mmoja, kisha tukate ile tambarare nyeupe ya magadi mpaka upande wa Gelai. Baba mdogo, hii ndiyo safari yangu ya kwanza kutoka nje ya barabara. Niandikie njia yote, hatua kwa hatua. Nataka nisikie sauti yako kwenye usukani.

Mwanao,
Fanuel

*

Songea
20 Machi 1995

Mwanangu Fanuel,

Marahaba. Barua yako imechukua wiki tatu, nadhani ilikuja kwa miguu. Sisi wazima. Aika anafundisha madarasa mawili kwa mshahara wa nusu darasa. Mimi nalinda kuku wake, na mwewe wa Songea ni wezi kuliko watu wa stendi ya Arusha. Nasikia hamu ya loshoro, yale mahindi yetu ya maziwa mgando, mpaka naota. Mwambie shemeji aende hospitali aache ubishi.

Hongera kwa kazi! Nimefurahi mno. Sasa sikiliza. Gari usilione jipya kwa rangi, lala chini yake. Kaza boliti za springi zote, za nyuma hasa. Chukua matairi mawili ya akiba, siyo moja. Maji ni madebe matano ya watu na mawili ya rejeta, na wageni wasijue ya rejeta yako wapi, maana mzungu akisikia joto ananawa uso kila saa. Chukua sepeto, na ubao mpana wa kuwekea jeki, la sivyo jeki itazama wewe ukiitazama.

Toka Arusha alfajiri. Makuyuni kunja kulia, Mto wa Mbu jaza mafuta. Hapo unaacha raha. Unafuata ukuta wa bonde, ukuta ubaki kushoto kwako. Selela kuna vumbi la unga, usisimame ndani yake hata ukiona ndugu yako. Punguza upepo kwenye matairi mpaka yavimbe ubavuni kidogo, tia gia ya nguvu kabla hujaingia mchangani, siyo baada ya kukwama. Makorongo ukayakute kwa mshazari, na kila korongo shuka kwanza ulitembee kwa miguu. Ukifika Engaruka pumzika, gari lipoe.

Kutoka hapo utaona mwenyewe, nchi hubadilika.

Lakini kwa nini hao wazee wasiende Tarangire? Kuna tembo na kuna kivuli. Mwambie huyo Mama Pudensiana. Natron kwa watu wazima si pahali pazuri, na wewe mkono wako bado haujazoea.

Baba yako mdogo,
Abdiel

*

Kimandolu
Pasaka, 16 Aprili 1995

Baba mdogo,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Mama alikuja mjini kwa ibada na kitenge chake. Amekubali kwenda hospitali, ila kwa sharti kwamba aende siku anayotaka yeye. Mvua zimeanza vizuri, migomba inapendeza, njia ya kupandia kwetu inateleza kama kawaida.

Nimeisoma barua yako mara nyingi nikaikariri. Ila Baba mdogo, umenifikisha Engaruka ukaniacha! Wakati hadithi yenyewe ndiyo inaanzia hapo. Ya Selela hata makondakta wanayajua.

Nina jambo la kukiri na naona aibu hata kuliandika. Mama Pudensiana aliponiuliza kama nimewahi kufika Natron, nilisema ndiyo. Nilisema ulinichukua nikiwa shule ya msingi, tukakata tambarare nyeupe pamoja, ukanipa usukani nishike. Sijui ulimi wangu ulitoka wapi. Wewe unajua mimi nimeendesha Pijo ya teksi, Arusha na Moshi, lami tupu. Gia ya nguvu ya Landrova nimeigusa mara mbili, na mara moja ilikuwa kwa bahati mbaya. Usiku mke wangu Violet analala, mimi nawaza wale wazee wanne na madebe matano ya maji. Nikikataa sasa ataniuliza kwa nini, na kazi itakwenda kwa mwingine. Nikienda bila kujua, nitaua watu.

Kwa hiyo nimeamua kuifuata hadithi yako yenyewe. Naijua neno kwa neno. "Nikaiacha Ngare Sero nyuma, nikauelekeza mdomo wa gari mlima Gelai, nikaingia juu ya weupe ule, pagumu kama lami ya Uhuru Road. Lemburis fundi pampu kando yangu anaimba. Saa moja tukatokea ng'ambo, na jioni watu wanakunywa maji." Umeisimulia hivyo kwangu, kwa ndugu yangu Ephraimu, kwa kila mtoto wa ukoo aliyesimama kanisani na nguo nyeupe. Niambie neno moja tu: nipite hivyo hivyo? Nielekeze gari mlima Gelai na kuingia?

Mwanao mwongo,
Fanuel

*

Songea
14 Mei 1995

Fanuel,

Marahaba. Sisi hatujambo. Magoti yananiuma, kuku wawili wamekwenda. Aika anawasalimu.

Umefanya vibaya kumdanganya mwajiri wako. Kijana wa Kilutheri, mwenye mke na binti wa kipaimara! Marehemu baba yako hakukulea hivyo.

Kuhusu njia, nilishakwambia yote. Mengine ni kama nilivyosimulia. Mtu huwezi kumwendeshea gari kwa barua.

Mimi naona uwaambie waende Tarangire.

Abdiel

*

Songea
20 Juni 1995

Mwanangu Fanuel,

Salamu nitazitoa siku nyingine. Soma hii umekaa. Ukiisoma, nenda siku hiyohiyo kwa Mama Pudensiana.

USIPITE TAMBARARE NYEUPE. Juu pamekauka, chini ni tope la magadi. Ni kama ukoko wa ugali juu ya uji. Mtu anapita, mbuzi anapita, gari linazama mpaka kwenye milango. Anayetaka Gelai anazunguka mbali, na azunguke na mtu wa huko.

Mimi sikuikata, mwanangu. Hakuna saa moja, hakuna kuimba. Oktoba 1974, wakati wa ule ukame, tulitumwa kupeleka pampu kisima cha Gelai. Lemburis aliniambia tuzunguke. Yeye ni wa huko, na mimi nikamwambia dereva ni nani? Nikaingia. Sijui kama tulimaliza hata nusu kilomita. Gari likakaa. Tulichimba siku nzima, jioni nikamwambia abaki alinde gari na pampu ya serikali, mimi niende Ngare Sero kutafuta msaada. Nikachukua chupa ya maji. Yeye nilimwachia debe, halikuwa limejaa.

Nilitembea usiku kucha na asubuhi yake. Ngare Sero nikakuta lori la wamisheni. Dereva wake akaniuliza, "Gari lako ulikoliacha kuna mtu?" Fanuel, nilijua nikisema yupo, itabidi nipande niwaongoze kurudi kule. Nilikuwa nimeogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nikasema, "Hakuna mtu."

Basi akanichukua kwenda Engaruka. Njiani nilisema moyoni nitageuka, nitamwambia. Tulipofika nikasema kesho. Kesho nikasema ameshatoka. Lemburis alikaa siku nne kwa sababu nilimwambia akae. Alipokunywa maji ya rejeta yakaisha, akatoka kwa miguu. Viatu vilibaki topeni. Magadi yalimla nyayo.

Walipomleta zahanati ya Engaruka kwa lori lilelile la wamisheni nilikwenda kumwona. Miguu imefungwa vitambaa. Akaniuliza nimewaambia nini ofisini. Nikasema nimewaambia tulitoka pamoja. Aliniangalia kwa muda, akasema, "Basi tulitoka pamoja." Akaapa hivyo mbele ya bosi. Gari na pampu vilivutwa baadaye, na mimi nikapewa barua ya pongezi kwa kuokoa mali ya serikali. Yeye aliacha kazi kwa sababu ya miguu. Kama alijua nililomwambia yule dereva, sijui. Namwomba Mungu asiwe anajua.

Ile hadithi ilianza kwa baba yako. Aliniuliza mbele ya watu, "Vipi Natron?" nikasema tulipita. Nikasema mara moja tu, mwanangu, halafu ikawa inaombwa. Ulipoandika kwamba umeikariri neno kwa neno nilikwenda kujificha nyuma ya banda la kuku. Na bado nikakuandikia kwamba mengine ni kama nilivyosimulia. Bora upotee na jina langu libaki safi, ndiyo maana yake. Ulipokiri uongo wako mdogo nilikukaripia ili usinitazame usoni.

Usipite pale. Nakusihi.

Abdiel

*

Kimandolu
6 Agosti 1995

Baba mdogo,

Shikamoo. Mama amepimwa macho, amepewa miwani, sasa anaona vumbi kwenye kila kitu nyumbani kwangu. Tabea hajambo. Wote wako wazima, na mimi pia ni mzima, nalisema mapema.

Barua yako ya Juni niliipata tarehe 28 Julai. Ilikuja kwa sanduku la usharika kama zote. Mwinjilisti aliiweka ndani ya Biblia yake asiipoteze, kisha akaenda semina Lushoto na Biblia yake. Mimi niliondoka Arusha tarehe 18. Nilikuwa na ile ya Mei. "Mengine ni kama nilivyosimulia."

Nilisimulia kama ulivyosimulia. Hata wageni niliwasimulia, kwa Kiingereza changu, tukiwa Ngare Sero, nao wakapiga makofi. Kulikuwa na kijana wa boma aliyesema tuchukue mtu wa kutuongoza. Nikamwambia njia hii ni ya nyumbani kwetu. Nikauelekeza mdomo wa gari mlima Gelai nikaingia. Nilihesabu pumzi zangu. Gari likashuka upande mmoja, likaguna, likakaa.

Sitakueleza yote. Tulichimba, jeki ikazama, ubao ukazama. Siku ya pili saa sita mama wa Kiholanzi alianza kuongea na mtu ambaye hayupo, mumewe akawa ananitazama tu. Hakunitukana. Laiti angenitukana. Maji ya rejeta niliyatoa, nikawapa. Nilikaa kivulini mwa gari nikalia kwa sauti, dereva mzima wa miaka thelathini na tatu, wageni wananisikia.

Alasiri wakatokea watu na punda sita, wamebeba matawi na maji. Yule kijana wa boma alikuwa ameona gari halitokei ng'ambo akakimbia kutoa habari. Aliyewaongoza ni mzee mmoja anayetembea kwa pembe za nyayo, kama mtu aliyekanyaga makaa. Alimpa yule mama maji kidogo kidogo kwa kifuniko cha chupa, hakutaka anywe kwa pupa. Kisha akakagua gari kama fundi. Akaniuliza kwa Kiswahili safi, "Nani alikuelekeza upite hapa?"

Nami, Baba mdogo, hata katika hali ile, nilijisifu. Nilisema, "Baba yangu mdogo, Abdiel, dereva wa Idara ya Maji. Yeye alipita hapa."

Wenzake walikuwa wanatandika matawi. Yeye akaacha. Akauliza, "Abdiel yuko hai?" Nikasema yuko Songea. Akarudi kutandika matawi. Tulilitoa lile gari kesho yake adhuhuri, na hakuniambia neno jingine mpaka nilipomshika mkono kumshukuru. Ndipo akasema, "Mwambie Abdiel, mimi nilipoambiwa kuna gari limekwama, niliuliza kama kuna watu. Wakasema wapo. Nikaja."

Nilipouliza jina lake wenzake wakasema Lemburis, nami nikadhani ni salamu za wazee. Nilizibeba hivyo hivyo mpaka Arusha, nikapanga kukuandikia kwa furaha kwamba Lemburis wako anakukumbuka. Halafu mwinjilisti akanipa bahasha yako. Niliisoma nimesimama nje ya kanisa, nikashindwa kurudi nyumbani mpaka giza.

Mama Pudensiana nimemwambia kila kitu cha upande wangu. Hakunifukuza. Nawapokea wageni uwanja wa ndege, lami tupu, na ninaosha magari. Ninastahili. Wale wazee wameniandikia kadi kunishukuru, imenichoma kuliko matusi.

Nina hasira na wewe na ninaona aibu kwa kuwa nayo, maana umenilea. Mama anauliza kila Jumapili safari ilikuwaje, kama niliimba. Sijui nimjibu nini. Niambie wewe.

Fanuel

*

Songea
30 Agosti 1995

Mwanangu Fanuel,

Marahaba, kama bado unaiweka shikamoo kwangu kwa moyo.

Barua yako niliisoma mezani kwa sauti, Aika akisikiliza, kwa sababu nilijua nikiisoma peke yangu nitaificha. Kisha nikamsomea na nakala ya ile yangu. Aliondoa sahani. Tangu juzi ananitengea chakula peke yangu, na watoto wamekatazwa kuniuliza.

Alijua. Miaka ishirini na moja nimekuwa nikijituliza kwa hilo moja, kwamba Lemburis hajui nililosema pale Ngare Sero. Kumbe yule dereva alimwambia, na alimwambia kabla sijafika pale kitandani. Alijua alipokuwa ananiangalia. Alijua alipoapa. Nami nilitoka mle ndani nikimshukuru Mungu kwamba nimepona.

Una haki ya hasira yako, iweke. Mama yako usimjibu, nimeshamwandikia mwenyewe, barua imetangulia kwa mkono wa mwalimu mmoja anayekuja Usa River. Mwombe Tabea anisamehe kwa siku yake. Nitakuja, kama mtaniruhusu, lakini nitakaa nyuma na watu, na kama nikiombwa kusimulia nitasimama niseme haya uliyoyasoma. Wanangu wote niliowasimulia watakuwepo. Nimeogopa hata kuiandika hiyo sentensi.

Kabla ya hapo nina safari. Jumatatu napanda basi. Arusha sitalala kwako, sitaki Violet anipikie. Usimwombe Mama Pudensiana gari, na wewe usije, nisikuone ukinionea huruma. Nasikia malori ya mnada wa ng'ombe yanafika Engaruka. Nitapanda nyuma.

Kutoka hapo kwenda kwa Lemburis nitauliza watu, maana mimi njia siijui.

Abdiel